Benchi Lililogeuka Kidato

Mzee wa Kitanzania aliyesoma Tabora au Minaki kabla ya uhuru hakwambii kwamba alimaliza fomu foo. Anasema alimaliza darasa la kumi na mbili. Mjukuu akisikia hucheka, akidhani babu amejumlisha vibaya, maana la mwisho si la saba? Babu hakukosea hesabu. Shule za Waafrika wa Tanganyika zilihesabu mfululizo, kuanzia Standadi ya Kwanza hadi ya Kumi na Mbili, na sekondari ilianzia la tisa. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, kijana aliyefaulu mtihani wa darasa la nane alianza kuhesabu upya: aliingia Fomu ya Kwanza. Mtawala ni mmoja, kitabu cha sarufi ni kimoja, lakini huku ni Standadi na kule ni Fomu. Fomu zilikuja kushika Tanganyika katika miaka ya mwanzo ya uhuru, pale mfumo wa shule zilizotengwa kwa rangi ulipovunjwa na watoto wote wakawekwa kwenye ngazi moja.

Kwa nini Mwingereza awe na maneno mawili ya kitu kimoja? Kwa sababu kwake havikuwa kitu kimoja. Nadhani ni hapa tunapoikosa historia ya maneno haya: tunayasoma kama namba, na yalizaliwa kama vyeo.

Tuanze na Fomu, ndiyo kongwe. Mwaka 1509 padri msomi aitwaye John Colet alianzisha shule ya Mtakatifu Paulo jijini London, kwa wavulana 153. Idadi hiyo aliitoa kwenye Injili ya Yohana, kwa samaki waliojaa wavuni baada ya mitume kukesha bure. Rafiki yake Erasmus, Mholanzi aliyekuwa bingwa wa Kilatini katika zama zake, aliieleza shule hiyo katika barua ya mwaka 1521. Ilikuwa na chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa mapazia. Kila kundi lilikuwa na wavulana kumi na sita, na aliyewashinda wenzake alikaa kwenye kiti kidogo kilichoinuka kidogo kuliko vya wengine. Ukisoma maelezo hayo unaona benchi, unaona safu, na unaona kabisa vita ya kugombea kile kiti.

Shule nyingi za Kiingereza za wakati ule zilikuwa hivyo. Hapakuwa na vyumba vya madarasa. Palikuwa na ukumbi, mwalimu mkuu upande mmoja na msaidizi wake upande wa pili, na wavulana katikati juu ya mabenchi marefu yasiyo na egemeo. Benchi la namna hiyo Waingereza waliliita kwa neno walilochukua Ufaransa, lenye asili ya Kilatini, forma: umbo, mpango, safu. Kwa hiyo maelezo yanayopendwa ni mepesi: waliokaa benchi la kwanza ni fomu ya kwanza, wa benchi la pili ni fomu ya pili, na kadhalika. Watunzi wa kamusi kuu ya Oxford hawakuyakubali. Wao walisema Kilatini cha kanisa kilikuwa tayari kikitumia forma kwa daraja za makasisi, na kwamba shule zilirithi daraja hizo, si mbao. Mimi sioni haja ya kuwapiganisha. Katika kwaya ya kanisa kuu, daraja la kasisi lilionekana mahali alipokaa, na mvulana wa Colet aliyehamishiwa benchi la mbele hakuhitaji kuambiwa kwamba amepanda cheo.

La muhimu ni hili: Fomu haikuwa mwaka. Mtoto alikaa kwenye benchi mpaka Kilatini chake kitoshe kumhamisha, iwe miezi sita au miaka mitatu. Watoto wa umri tofauti walibanana pamoja. Na kwa kuwa safu hazikulingana na kalenda, shule zilibuni vituo vya katikati vyenye majina ya ajabu. Shule ya Westminster ilikuwa na kundi lililokaa kwenye kona ya ukumbi yenye umbo la kombe la baharini, likaitwa Kombe. Jina hilo likasambaa hadi kwenye shule ambazo hazikuwahi kuwa na kona kama hiyo. Huko juu kabisa ndiko ilikokuwa Fomu ya Sita. Kwa kuwa hapakuwa na benchi la saba la kuhamia, mvulana alikaa humo miaka miwili au zaidi mpaka aende chuo kikuu. Ndiyo maana hata leo Mwingereza ana Sita ya Chini na Sita ya Juu, sita moja yenye ghorofa mbili. Sisi tuliikata vipande, kimoja tukakiita Fomu ya Tano na kingine ya Sita, na kwa hilo tumemshinda kwa hesabu.

Aliyeipa Fomu ya Sita uzito wake ni Thomas Arnold, mkuu wa shule ya Rugby kuanzia 1828 hadi alipofariki 1842. Arnold hakuwa na walimu wa kutosha kulinda mabweni yaliyojaa wana wa matajiri wenye ngumi nyepesi, akawakabidhi wavulana wa Sita serikali ya shule. Walisimamia nidhamu, waliwatuma wadogo, na waliruhusiwa kuwachapa. Riwaya ya Thomas Hughes ya mwaka 1857 kuhusu mvulana aitwaye Tom Brown ikaieneza Rugby ya Arnold dunia nzima, na wamisionari wengi waliofungua shule za bweni Afrika walikuja na picha hiyo kichwani. Tukapata viranja. Neno lenyewe ni letu. Kiranja, kabla ya kuvaa tai na kukagua usafi, alikuwa yule mtoto anayetangulia wenzake kutahiriwa jandoni. Aliyelichagua neno hilo kutafsiri cheo cha Arnold aliijua kazi yake: wa kwanza kuumia ndiye wa kwanza kuheshimiwa.

Sasa Standadi. Hiyo haikutoka kwenye ukumbi wa mawe wala kwenye Kilatini. Ilitoka wizarani. Katikati ya karne ya 19 serikali ya Uingereza ilikuwa ikitoa ruzuku kwa shule za watoto wa maskini, na Bunge likaanza kuuliza fedha zinakwenda wapi. Mwaka 1862 Robert Lowe, mwanasiasa aliyekuwa na dhamana ya elimu, akaleta kanuni mpya. Watoto wangepimwa kwa viwango sita, kila kimoja kikieleza kwa maneno makavu mtoto asome nini, aandike nini na akokotoe nini. Mkaguzi angefika shuleni mara moja kwa mwaka na kuwahoji mmoja mmoja. Shule ilipata shilingi 4 kwa kila mtoto kufuatana na wastani wa mahudhurio. Ilipata pia shilingi 8 kwa kila mtoto aliyefika mbele ya mkaguzi, ila kwa kila somo aliloanguka kati ya kusoma, kuandika na hesabu, zilikatwa shilingi 2 na peni 8. Mtoto aliyeanguka yote matatu alifuta shilingi zote nane.

Kipimo hicho cha malipo ndicho kilichoitwa Standadi. Kiwango cha saba kiliongezwa 1882. Walimu waliuchukia mpango ule, kwa sababu uliwageuza watoto kuwa magunia ya kupimwa mizani. Mwishoni mwa karne malipo ya aina hiyo yalikuwa yameachwa, lakini jina la kipimo likabaki kuwa jina la darasa. Kwa hiyo Uingereza ya mwaka 1900 ilikuwa na watoto wa aina mbili: wa Standadi, wanaoondoka shule wakiwa na umri wa miaka kumi na mbili au kumi na tatu kwenda kiwandani na migodini, na wa Fomu, wanaosoma Kilatini ili watawale wengine. Mtoto wa Standadi ya Saba hakuwa njiani kwenda Fomu ya Kwanza. Kwa kawaida njia hiyo haikuwapo.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyopanda meli kuja kwetu. Huku yakafanywa jambo ambalo kwao halikukusudiwa: yakabebeshana, Standadi chini na Fomu juu, yakawa ngazi moja. Ila ule ukuta wa katikati haukubomolewa. Uliwekwa mtihani.

Si kwamba Pwani haikuwa na ngazi yake. Mtoto wa Lamu au Bagamoyo alikwenda chuoni kwa mwalimu na ubao wake, akaanza alifu, na hatua zake zilihesabiwa kwa juzuu. Ukiuliza amefika wapi, uliambiwa sura, hukuambiwa namba ya chumba. Akimaliza msahafu alihitimu, na kitenzi hicho, chenye asili ya khitima ya Kurani, ndicho tunachompa leo mwenye digrii ya uhandisi. Darasa nalo lilikuwa duara la kumsikiliza sheikh msikitini. Hakuna aliyewahi kusikia darasa la saba. Hata neno shule lilikuja na Wajerumani, waliofungua shule yao ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kwa hiyo, mtu anaposema "nilihitimu darasa la saba shuleni", amepita msikitini, Berlin na kwenye daftari la Robert Lowe kwa pumzi moja.

Jinsi ule ukuta ulivyofanya kazi tunaweza kuiona Kenya. Mwaka 1949 kamati ya Leonard Beecher, wakati huo shemasi mkuu wa Kianglikana, iliipanga elimu ya Waafrika kwa minne mitatu: miaka minne ya mwanzo, minne ya kati, minne ya sekondari. Kila mwisho wa minne palikuwa na chujio. Wazazi wengi wa Kikuyu waliichukia ripoti ile, kwa kuwa waliona wazi kwamba imepangwa ili wengi wabaki chini. Tanganyika ilikuwa na machujio yake kwenye la nne, la nane, la kumi, na mwisho cheti cha Cambridge katika la kumi na mbili, ambacho karatasi zake zilisafiri hadi Uingereza kusahihishwa. Aliyeshindwa la nne alirudi shambani akiwa bado mtoto mdogo. Hapo ndipo jina la darasa lilipoanza kumkaa mtu mwilini kama chanjo. Mpaka leo, katika ugomvi wa mtaani Tanzania, kumwita mtu "la saba" ni tusi, hata kama aliyetukanwa ana maghala matatu Kariakoo na anayemtukana anadaiwa kodi ya chumba.

Fomu ya Tano na ya Sita zilichelewa sana kufika. Julius Nyerere aliingia Tabora 1937 na Makerere 1943 bila kupita fomu faivu wala siksi, kwa sababu rahisi kwamba hazikuwapo. Kazi ya madarasa hayo ilifanywa na Makerere yenyewe, iliyokuwa ikiwapokea vijana wenye cheti cha Cambridge na kuwaandaa. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ndipo madarasa hayo yalipofunguliwa katika shule chache za Tanganyika na Kenya. Hapo ikazuka tofauti inayowasumbua makarani wa vyuo hadi leo. Uingereza, mtihani wa kwanza wa cheti ulifanywa Fomu ya Tano, kwa kuwa mtoto aliingia sekondari akiwa na miaka kumi na mmoja na kukaa mitano. Malaysia bado hufanya hivyo. Sisi tulikaa zaidi msingi, tukabakiwa na minne ya sekondari, mtihani ukashuka Fomu ya Nne. Kwa hiyo mtu wa Kuala Lumpur akisema amemaliza Fomu ya Tano amepata cheti; wa Songea akisema hivyo yuko katikati ya safari, na bado hajapata cha kuongeza kwenye cheti chake cha kidato cha nne.

Nimeandika kidato. Sasa tusimame kwenye neno hili kidogo, maana ndilo lililonifanya niandike yote haya. Kabla ya kuwa darasa, kidato kilikuwa lile pengo analochonga mkwezi kwenye shina la mnazi ili apate pa kukanyaga. Huchongwa kwa panga, kimoja juu ya kingine, na anayekuja baadaye hutumia vilevile. Angalia tofauti. Neno la Kiingereza ni kitu cha kukalia. La kwetu ni kitu cha kupandia. Mwingereza amekaa, anasubiri kuitwa benchi la mbele. Mswahili yuko hewani, amekumbatia shina, na hawezi kukaa hapo alipo. Mwenye kukwea anajua pia kwamba kidato kilichochongwa juujuu humwangusha mtu kutoka kimo kirefu, jambo ambalo benchi haliwezi. Sijui kama kuna tafsiri ya istilahi ya shule iliyokaa vizuri kuliko hii, na ninaona ajabu kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza vidato vyote sita bila kuambiwa maana yake. Mtaani fomu haikufa, hata hivyo. Tanzania bado wanasema fomu foo na fomu siksi, mgeni wa fomu wani ni njuka, na Kenya ni mono. Sheng' ikaligeuza neno kabisa: ukiulizwa Nairobi "fom ni gani?", hutakiwi kutaja darasa, unaulizwa leo mipango ikoje.

Kidato cha sita kilipofika kilikuta nchi ziko ukingoni mwa kujitawala, na serikali mpya zikakitazama kwa macho mawili, la fahari na la wasiwasi. Tanzania ilipoamua kwamba wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo wapite Jeshi la Kujenga Taifa, wanafunzi waliandamana Dar es Salaam tarehe 22 Oktoba 1966. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, na papo hapo akapunguza mishahara ya wakubwa serikalini, wa kwake ukiwamo. Novemba 1974, Azimio la Musoma likaongeza kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali akafanye kazi kwanza na ashuhudiwe na wenzake kazini. Soma hayo ukimkumbuka Arnold. Yeye alitaka Sita wawe watawala wadogo. Nyerere aliona hatari ileile na akawapa jembe. Sharti la kazi lilikuja kulegezwa, na jeshi kwa lazima likasitishwa katika miaka ya 1990 kisha likarudishwa 2013.

Uganda ilipita njia yake. Huko hakuna fomu; kuna Senior One hadi Senior Six. Wengi hudhani ni mbwembwe. Ukweli ni kwamba zamani kati ya msingi na sekondari palikuwa na madarasa yaliyoitwa Junior. Tume ya Profesa Castle ya mwaka 1963 ilipopendekeza mpango mpya, Junior zikaondolewa na msingi ukawa wa miaka saba. Mdogo akafa, mkubwa akabaki na jina la ukubwa bila wa kumzidi. Uingereza nayo ina kioja cha jinsi hiyo. Baada ya sheria ya elimu ya 1988 madarasa yalianza kuhesabiwa kwa miaka, kutoka wa Kwanza hadi wa Kumi na Tatu, na Fomu za chini zikatoweka katika shule nyingi. Fomu ya Sita pekee haikukubali kuondoka. Ipo mpaka leo, ya sita isiyo na ya tano, kama mtu aliyebaki juu ya mnazi baada ya vidato kufutwa.

Kenya ndiyo iliyokata zaidi. Tume ya Mackay ya 1981 ilizaa mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, na mtihani wa mwisho wa Fomu ya Sita ukafanywa 1989. Kizazi kizima cha Wakenya kimekua kikidhani Fomu ya Tano ni ya Tanzania. Kisha mtaala mpya ulioanza 2017 ukaja na neno la tatu, Gredi, ambalo makao yake ni Marekani. Huko shule za madaraja zilianza Boston katika miaka ya 1840, kwenye jengo la ghorofa la shule ya Quincy, lenye chumba kwa kila mwalimu na dawati kwa kila mtoto. Benchi lilivunjwa hapo. Gredi ndilo neno la kwanza kati ya haya matatu ambalo tangu mwanzo linahesabu mtoto mmojammoja kwa mwaka wake, na Wakenya wamelitumia kuhesabu mfululizo hadi kumi na mbili. Yaani wamerudi kwenye hesabu ileile ya mzee wa Tabora aliyechekwa na mjukuu.

Wakenya waliofanya KCPE, yaani mtihani wa darasa la nane, ya mwisho mwaka 2023 waliingia Fomu ya Kwanza Januari 2024. Mwaka uliofuata hapakuwa na fomu wani Kenya nzima. Tanzania imefuata upande wa pili wa ngazi: kwa mpango uliopo sasa, shule ya msingi inapunguzwa kuwa ya miaka sita, na vidato vinabaki vilivyokuwa. Mwaka 2027 Kenya itafanya mtihani wake wa mwisho wa Fomu ya Nne, na mwaka huohuo Tanzania italiaga darasa lake la saba la mwisho.